Mpangaji aliyemfukuza mwenye nyumba

Kijana alikuwa anacheza peke yake karibu na nguzo ya tatu, ile iliyobandikwa bei za mishikaki. Shati la satini la zambarau, vifungo vimefungwa hadi shingoni, mkononi chupa ya Stoney ambayo wala hakuwa anainywa. Alikuwa anacheza kwa mabega. Miguu haikuhama kigae kimoja, ila mabega yalikuwa yanaijua besi kabla haijafika.

Nilimtazama kwa raha, maana wimbo ule ulikuwa wangu. Sikuutunga mimi. Nilikuwa nimempa DJ kwenye flashi alasiri ile ile, nikambembeleza aupige walau mara moja kabla watu hawajaanza kudai amapiano: "Can You Feel It" wa Larry Heard, wimbo wa deep house, tawi tulivu la muziki wa house, wa mwaka 1986, usio na mtu anayeimba. Kinanda, besi na biti, basi. Kwa baa ya Sinza Jumapili saa mbili usiku, hiyo ni kamari. Lakini watu waliupokea. Hata dada wa kaunta alikuwa anafuta glasi kwa mapigo.

Kisha mshereheshaji akachukua maiki.

"Oyaa, naona kuna mtu anakata mabega pale kwenye nguzo! Hapa mashoga hatutaki, hii ngoma ya wanaume!"

Baa nzima ikaangua kicheko.

Na mimi nikacheka.

Kijana aliweka chupa kwenye meza isiyokuwa yake, akajifuta viganja kwenye suruali, akatoka kwa kupitia nyuma ya jiko la mishikaki, ambako hakuna njia. Ilibidi aruke mtaro. Wimbo ulikuwa haujafika hata nusu.

Hizi ni wiki saba sasa. Makala hii nimeiandika na kuifuta mara nne. Aliyenikaa kooni si yule mshereheshaji. Mtu wa maiki akikosa la kusema huropoka, ndiyo kazi yake. Kilichonikaa ni kwamba katika baa ile nzima huenda ni mimi tu niliyejua wimbo ule umetoka kwa nani.

Ghala la Mtaa wa Jefferson

House, kabla haijawa jina la muziki, ilikuwa kipande cha jina la jengo. The Warehouse, yaani ghala, namba 206 South Jefferson Street, Chicago. Kilabu kilianza mwaka 1977, mwenyewe akiitwa Robert Williams. Alimtaka Larry Levan wa New York aje kupiga sahani za muziki, Levan akagoma kuhama. Akaja rafiki yake, Frankie Knuckles, kijana wa miaka 22 kutoka Bronx.

Pombe haikuuzwa. Watu walikunywa juisi na maji, wakacheza kuanzia Jumamosi usiku hadi Jumapili mchana, jasho likiwatiririka, wakatoka nje juani wakati wenzao wanarudi kutoka ibadani.

Wengi wa waliocheza mle walikuwa weusi na Walatino, na wengi wao walikuwa wapenzi wa jinsia moja. Hapo ndipo pa kutulia kidogo, kwa sababu watu hawa walikuwa wamefungiwa milango miwili kwa mpigo. Kwenye baa za wenzao wazungu, upande wa kaskazini wa mji, mweusi akifika mlangoni anadaiwa vitambulisho viwili, vitatu, huku mzungu anapita na tabasamu lake. Akirudi mtaani kwao, kwa watu wa rangi yake, kuna mlango mwingine, na huo una mama, mchungaji na majirani.

Knuckles aliwahi kuifananisha Warehouse na kanisa la watu walioanguka kutoka kwenye neema. Mara ya kwanza kuisoma kauli hiyo niliichukulia kama maneno mazuri ya msanii. Siku hizi naisoma kama maelezo ya kawaida tu, kama mtu anavyokuelekeza njia: ukifika pale kata kulia.

Duka moja la sahani mjini humo, Importes Etc., lilikuwa linaulizwa kila mara na wateja kuhusu nyimbo zilizopigwa kule ghalani. Wakaanza kubandika vikaratasi kwenye masanduku: zinazosikika Warehouse. Baadaye vikaratasi vikafupishwa vikabaki na kipande cha mwisho tu.

House. Nyumba.

Watu walionyimwa nyumba wakaupa muziki wao jina la nyumba bila hata kukusudia.

Senti 98

Nani asiyejua kuwa hapa mjini deep house ni muziki wa kishua? Ni wa Masaki, wa hoteli zenye bwawa, wa mzungu mwenye kaptula ya kitani anayetikisa kichwa mara moja kwa dakika. Niliamini hivyo miaka mingi. Nilijifunza kuupenda kwa siri, kama mtu anayekula chipsi nyumbani kwa watu wa ugali.

Kilichonigeuza ni habari ya usiku wa tarehe 12 Julai 1979. Mtangazaji wa redio wa Chicago, Steve Dahl, alikuwa na vita na disko. Kwenye uwanja wa besiboli wa Comiskey Park wakatangaza kwamba ukija na sahani ya disko utaingia kwa senti 98, na katikati ya mechi mbili sahani zote zitalipuliwa uwanjani. Walifika watu kama 50,000. Sanduku likalipuliwa kweli, maelfu wakamwagika uwanjani, majani yakaungua, na mechi ya pili haikuchezwa.

Mlangoni siku hiyo kulikuwa na kijana mweusi anayewaonyesha watu viti, Vince Lawrence. Alikuwa anadunduliza hela anunue kinanda cha umeme. Ameeleza baadaye kwamba katika sahani zilizoletwa kuteketezwa aliona nyingi ambazo wala hazikuwa za disko. Zilikuwa soul na R&B. Kilichozifananisha ni nyuso za kwenye majalada.

Miaka mitano baadaye, 1984, Lawrence na Jesse Saunders walitoa "On and On", ambayo wengi huitaja kuwa sahani ya kwanza ya house kuuzwa dukani. Sijui kama kuna kisasi kitamu kuliko hicho. Mlipua sahani anaondoka na moshi, mwonyesha viti anaondoka na mshahara wa kununulia kinanda.

Kina

Neno "deep" tunaweza kulifasiri kirahisi: kina. Lakini Kiswahili ni kijanja. Kina cha bahari ni kina, mwisho wa mshororo wa shairi ni kina, na watu wasio na jina wala cheo ni kina yahe. Nikisema muziki wa kina nimeyasema yote matatu, na kwa Larry Heard hakuna hata moja lililo uongo.

Heard alizaliwa Chicago mwaka 1960. Alikuwa mpiga drum kwenye bendi, akachoka kuwa mtu ambaye mawazo yake hayaulizwi kwa sababu kazi yake ni kushika mapigo. Mchana alikuwa mwajiriwa wa serikali, idara ya hifadhi ya jamii. Hapa kwetu tungesema jamaa wa NSSF. Akanunua kinanda, Juno-60 ya Roland, na akaanza kutunga peke yake nyumbani.

Mashine za biti za Roland za miaka ile, 808 na 909, kibiashara zilikuwa zimefeli. Wanamuziki wenye hela walizikataa kwa sababu hazikutoa sauti ya drum halisi, kiwanda kikaacha kuzitengeneza, bei ya mtumba ikaporomoka. Vijana wa South Side, upande wa kusini wa Chicago, wakaziokota kama tunavyookota sisi suruali nzuri Karume. Kitu kilichokataliwa kikaangukia mikononi mwa watu waliokataliwa, na wala hawakukiona kina kasoro.

Usikilize wimbo wenyewe, ila kwa hedifoni nzuri, si spika ya simu. Besi inatembea polepole na haina haraka ya kufika. Juu yake kinanda kinatandaza sauti pana zisizo na ncha, kama shuka linapokung'utwa likabaki hewani kabla halijashuka. Mahali ambapo nyimbo nyingi hupandisha sauti ili ushangilie, huu hautoi amri yoyote. Hauna kiitikio. Hauna sehemu ambapo DJ anazima ili baa ipige kelele. Unazunguka, unakuachia nafasi, unazunguka tena.

Nilikuwa nikidhani huo ni ufundi tu, na Heard hakika ni fundi. Sasa naona pia kwamba wimbo wa namna hiyo unahitaji chumba ambacho hakuna anayekuharakisha na hakuna anayekutazama vibaya. Umbo lake limeshonwa kwa kipimo cha chumba kile. Mtu anayejibana siku sita apate saa kumi na mbili za kulegeza mabega.

Mabega.

Ndiyo maana sikulala vizuri.

Shoga

Shangazi yangu wa Tanga ana shoga yake wa miaka arobaini. Walikaa pamoja darasani, wakavaa sare za khanga kwenye harusi za watoto wa wote wawili, na mmoja akiumwa mwingine anahamia. "Shoga yangu," anamwita, na ukimsikia unajua hakuna neno tamu zaidi analoweza kumpa mtu asiyekuwa mumewe wala mwanawe.

Neno ni hilo hilo alilorusha yule jamaa kwenye maiki.

Sielewi vizuri neno lilitoka lini uani kwa wanawake, penye ukaribu na kusukana nywele, likaja kuwa jiwe la kumrushia mtu baa. Ila najua kwamba pwani yetu ina kumbukumbu ndefu ya kumcheka mtu huku tunacheza muziki wake. Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyezaliwa na watu waliotoka utumwani, muuza vyungu, alipoingia mjini Unguja watu walimtungia beti: kaja mjini na kaniki chini, kama si sauti angekula nini. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi sahani. Waliomcheka walizinunua. Beti walizoimba kumdharau bado tunazikariri, lakini nani leo anajua majina ya waliozitunga?

Najua kisa cha Siti si kisa cha Warehouse. Siyafananishi ili yalingane. Nasema tu kwamba tabia hii hatukuletewa na meli.

Je, ni lazima mtu ajue?

Rafiki yangu DJ nilimpigia wiki ya tatu. Nikamweleza yote, Chicago, ghala, juisi, vitambulisho. Alinisikiliza hadi mwisho, na kwake hilo ni heshima kubwa.

"Sasa mwanangu," akasema, "kwani watu wakija baa tuwape mtihani wa historia mlangoni?"

Nilikosa jibu. Marehemu baba alicheza Franco maisha yake yote bila kujua Kilingala. Huenda kuna nyimbo alizomkumbatia nazo mama ambazo Franco alikuwa anamsema mwanamke kama wake. Hakuna aliyedhurika. Muziki una miguu yake, ukishatoka kwa aliyeutunga hauombi ruhusa.

Na jambo hili lina upande mwingine unaonitia aibu zaidi. Kijana wa shati la zambarau sikuongea naye. Sijui ni nani. Huenda ana mke na watoto wawili Mbagala na aliondoka kwa sababu daladala za mwisho hazingoji. Huenda alichukia tu kuchekwa. Mimi hapa nimeshamvalisha historia nzima ya Chicago kwa sababu ya shati na mabega, nikawa sina tofauti kubwa na yule wa maiki. Yeye alimhukumu, mimi nimemfanya mfano wa makala.

Hapo ndipo nilipofuta rasimu ya pili.

Kilichonirudisha ni wale vijana wengine wa Chicago. Kwa sababu si kila aliyetengeneza house alikuwa mpenzi wa jinsia moja. Ghala lilipopata sifa, vijana wa kawaida wa South Side, wenye wapenzi wao wa kike, walianza kuja. Walikuta sakafu ya watu ambao shuleni wangewazomea. Walicheza nao. Wengine walirudi Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: baadhi yao ndio walioshika mashine na kutengeneza sahani zilizoufikisha muziki dunia nzima.

Kwa hiyo jibu langu kwa DJ, lililochelewa wiki mbili, ni hili. Hapana, si lazima mtu ajue. Karibu ndani, cheza, sahau, nenda zako. Lakini ukishaingia nyumba ya mtu, ukavua viatu, ukala, halafu ukasimama mlangoni na kutangaza kwamba watu wa aina ya mwenye nyumba hawaruhusiwi, hilo halihitaji mtihani wa historia. Hata mpangaji asiyelipa kodi miezi sita hafanyi hivyo.

Kodi

Nimetaja kodi, basi na hili nalo lipite. Heard na mwimbaji mwenzake Robert Owens walifungua kesi mwaka 2020 dhidi ya lebo ya Trax, iliyotoa nyimbo zao miaka ya themanini. Madai yalikuwa malipo na haki za kazi zao. Mwaka 2022 kesi iliisha kwa makubaliano na haki zikarudi mikononi mwao. Miaka thelathini na sita kwa "Can You Feel It". Watu wamefunga ndoa kwa wimbo huo, wamepata wajukuu.

Kipande cha Mtaa wa Jefferson kilipewa jina la Frankie Knuckles mwaka 2004, na mmoja wa waliosaidia jambo hilo alikuwa seneta wa jimbo aitwaye Barack Obama. Ndiyo, yule yule, damu ya Kogelo. Knuckles alifariki tarehe 31 Machi 2014. Jengo lenyewe likatambuliwa na mji kuwa la kumbukumbu mwaka 2023.

Kwetu muziki huu ulifika kwa kuzunguka. Afrika Kusini ya miaka ya tisini vijana wa vitongoji walizichukua sahani za house wakazipunguza kasi, kwaito ikazaliwa humo. Pretoria wakaishika deep house wakaifanya ya kwao kabisa, ya teksi na ya shebini, baa zao za mitaani. Amapiano ni mjukuu wa nyumba hiyo. Sikiliza kinanda cha amapiano yoyote tulivu, yale mawingu yanayotanda juu ya besi, kisha rudi kwa Heard. Sura ya babu haijifichi. Maana yake ni kwamba yule mshereheshaji, anayefungua kila Ijumaa kwa kupiga kelele za amapiano, anakula kwenye sahani hiyo hiyo kila wiki.

Maiki

Jumapili iliyopita nilirudi. Nilikuwa na flashi mfukoni.

"Ukiupiga," nilimwambia DJ, "naomba kitu kimoja. Maiki iwe imezimwa."

"Wimbo wote?"

"Wote."

Akanitazama, akatazama kule mshereheshaji alikokuwa anagombana na mtu kuhusu chenji. "Betri zenyewe zimekufa," akasema, na akazitoa mbele yangu, mbili, akaziweka kwenye mfuko wa shati. Zilikuwa mpya.

Saa mbili na robo besi ikaanza kutembea. Hakuna aliyejua kwamba kuna jambo. Dada wa kaunta alikuwa mwingine, huyu hakufuta glasi kwa mapigo, alikuwa kwenye simu. Mzee mmoja mwenye kofia ya Yanga alisimama akacheza kidogo, akakumbuka goti lake, akakaa. Mshereheshaji aliokota maiki, akaipiga kofi mara mbili, akaisogeza sikioni, akairudisha mezani.

Kwenye nguzo ya tatu wameongeza bei ya mishikaki. Kigae kilikuwa wazi. Nilisogea nikasimama pembeni yake, si juu yake, na soda ya tangawizi mkononi. Mabega yangu hayajui kitu, lakini niliyaachia.

Kinanda kilipoanza kufifia DJ aliniinamia kutoka kwenye meza yake.

"Unamsubiri nani?"

"Sijui jina lake," nikamwambia.